Kaburi la Sinema

Jumatatu, 8 Oktoba 1973

Mvua imeanza kweli sasa. Paa linavuja pale pale pa mwaka jana, na mahali pengine papya juu ya kitanda. Nimepanga sufuria, bakuli na ndoo ya kunawia, kisha nikalala katikati yake kama mlinzi wa vyombo. Darasa langu la pili limekuja nusu, wamelowa na wananuka moshi. Sikuwa na nguvu ya kumkaripia mtu.

Mama mkwe wangu, Kokuhirwa, amekohoa mpaka alfajiri. Tumebaki wawili katika kibanja hiki, nyumba na shamba lake la migomba, cha mwanawe Aroni. Aroni, mume wangu, alikuwa fundi cherehani Kampala. Hatujapata neno lake tangu mwaka jana, kabla ndege za Uganda hazijaja kupiga mabomu Bukoba. Watu wameacha kuniuliza habari zake. Nadhani wanafikiri ndiyo heshima.

Jumatano, 10 Oktoba

Wageni wamefika na gari la serikali lililojaa masanduku. Mkubwa wao ni Mushumbusi, mtu wa Maruku, amesomea mambo ya picha Ulaya na amerudi na ndevu. Anataka kutengeneza sinema ya kutisha, hapa hapa kwenye kimji chetu. Msafiri anaingia mji mdogo wakati wa mvua, watu wanamtazama kutoka milangoni bila kusema, na baadaye anagundua kuwa wote walikwisha kufa zamani.

Tuliitwa ofisi ya TANU kumsikiliza. Mwenyekiti wetu, Ndugu Ildefons, alikunja uso. "Sasa hii inamfundisha nini mkulima?"

Mushumbusi hakusita. "Ndugu Mwenyekiti, hao wafu ni makupe. Wanyonyaji. Wamekufa kwa sababu ya kukataa kazi."

Mwenyekiti alifurahi sana. Akaomba mwishoni wafu waonekane wakienda na majembe shamba la ujamaa. Mushumbusi akasema ni wazo zuri na ataliweka. Nilicheka hadi Jovita, jirani yangu, akanifinya. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini.

Nilimuuliza kwa nini amechagua kwetu wakati Bukoba mjini kuna umeme na hoteli. Akanionyesha barabara, maduka yaliyofungwa, ukungu uliokaa juu ya migomba. "Mwalimu, mji wenu unatisha wenyewe. Mimi siongezi kitu."

Jumamosi, 13 Oktoba

Mushumbusi anatafuta mtu wa kumpa ruhusa ya kuchimba kaburi kibanjani. Kila nyumba imemkatalia, naye kama Mhaya anajua sababu. Wafu wetu tunawazika kibanjani, karibu na mlango, wakae na watu wao. Hapachimbwi bila maiti. Ikitokea limechimbwa na maiti hayupo, sharti liwekwe shina la mgomba, na shina hilo lipewe jina la mtu wa nyumba hiyo. Kaburi halifukiwi tupu, na halina ruhusa ya kungoja.

Kwangu alikuja na maneno matamu. Akasema atanipa mabati. Nilitazama juu, tone likanipiga jichoni.

Nimekubali. Sharti langu ni moja: Mushumbusi alifukie siku ile ile, kwa shina lao na jina lao la sinema, na dhambi iwe yao.

Mama mkwe aliuliza, "Watamzika nani?"

"Hakuna mtu, Mae. Ni picha tu."

"Picha haina mwili," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Jumamosi, 20 Oktoba

Limechimbwa. Liko nyuma ya nyumba, kati ya mibuni miwili. Walipiga picha kidogo, mvua ikashuka kwa hasira, jenereta ikakohoa ikafa, na mashine ya picha ikaingia maji. Mushumbusi anaipeleka Bukoba. Amenisihi nisilifukie kwani bado analihitaji. "Jumanne nimerudi, Mwalimu. Jumanne bila kukosa."

Jumanne, 23 Oktoba

Hakuja.

Jumatano, 24 Oktoba

Hakuja. Mvua.

Jumapili, 28 Oktoba

Baada ya ibada Lwakatare alinifuata nyumbani. Huyu ni kaka mkubwa wa Aroni, kibanja chake kimepakana na chetu. Alisimama ukingoni mwa kaburi, kofia mkononi.

"Hili haliwezi kukaa hivi, muka Aroni." Ndivyo waniitavyo hapa, mke wa Aroni.

"Wa sinema wanarudi."

"Tia shina la mgomba, yaishe."

"Liitwe nani?"

Akaigeuzageuza kofia. Katika nyumba hii ni mtu mmoja tu asiyejulikana aliko. Mimi nalijua, yeye analijua, hata Jovita aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni alilijua, kwani aliongeza mwendo.

Nikamwambia mume wangu yu hai. Nikamwambia pia kwamba akitaka kibanja aseme kibanja, asizunguke mbuyu. Nilisema kwa ukali. Aliondoka bila kuvaa kofia, na mvua inanyesha.

Jumatano, 31 Oktoba

Nimechoka. Mwezi umeisha na ninaona aibu kuandika jambo hili, lakini nitaliandika. Mvua yote hii, na kaburi ni kavu. Niliinama nikashika udongo wa chini kwa mkono. Ni mkavu kama unga. Ndani ya nyumba sufuria zimejaa.

Jumamosi, 3 Novemba

Mtoto wa Jovita ana homa. Ndama wa Lwakatare amekufa usiku, bila ugonjwa. Watu wanakuja kuomba moto au chumvi, lakini macho yao yanakwenda nyuma ya nyumba. Siku hizi wameanza kuja hata wenye chumvi kwao.

Jumatatu, 5 Novemba

Mtoto wa Jovita amepona. Hakuna anayelitaja hilo.

Jumamosi, 10 Novemba

Mushumbusi amerudi, amenenepa. Leo hakugusa kaburi. Alitaka watu wote wasimame milangoni mwao barabara nzima, nyuso zimepakwa majivu, wamtazame msafiri akipita. "Msiseme, msitabasamu, msipepese. Mtazameni kama mtu asiyepaswa kuwapo."

Nilidhani wataharibu kwa kucheka. Wapi! Walisimama kimya hata mbwa wakaacha kubweka. Mwigizaji, kijana wa watu kutoka Dar es Salaam, alipofika mwisho wa barabara alikuwa analia machozi ya kweli na akakataa kurudia. Mushumbusi alifurahi mno. Mimi sikufurahi. Hawa ni watu ninaowafundishia watoto. Wamejifunza upesi kupita kiasi.

Alhamisi, 15 Novemba

Wameondoka. Wamemaliza, wamefunga masanduku, wamempa Mwenyekiti mkono na kumwahidi kwamba wafu wataonekana wakilima. Nilimkamata Mushumbusi kwenye mlango wa gari.

"Na kaburi?"

"Mwalimu, si mlifukie tu? Udongo upo."

"Wewe ni wa Maruku. Unajua halifukiwi hivyo."

Alitazama viatu vyake. Nadhani aliona haya, walau kidogo. "Hayo ni mambo ya wazee," akasema. Mabati yatakuja na lori la wiki ijayo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami niliyavulia nguo kwa ajili ya bati.

Jumatatu, 19 Novemba

Senene wameanguka! Mbingu nzima ilikuwa ya kijani kwa panzi hao watamu. Shule haikufundishika, walimu tulikuwa wa kwanza kukimbia. Kwa saa chache mji ulikuwa mji, watu wanaitana, wanaibiana makopo, wanatukanana kwa furaha. Mama mkwe alikaanga fungu zima akalifunga kwenye jani la mgomba, akalitundika juu ya jiko. La Aroni. Mama mwenyewe hali senene, ni mtu wa zamani, wakati ule wanawake walikatazwa.

Alhamisi, 22 Novemba

Lori limekuja. Limeleta sukari na chumvi.

Jumamosi, 24 Novemba

Lwakatare amekuja tena, safari hii hakusimama. Alikaa kwenye kigoda, akashika kichwa. Anasema kila akifumba macho anaona lile shimo, na ndani yake anawaona watoto wake, mmoja baada ya mwingine. "Sitaki kibanja chako. Chukua na changu. Niambie tu lile shimo linamngoja nani."

Nilimtazama nikaona mtu asiyelala. Nimemdhania vibaya mwezi mzima. Na yeye alimpenda Aroni, alimfundisha kuendesha baiskeli, alimpeleka Kampala mwenyewe.

Kisha Mama mkwe akasema kutoka jikoni, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mzikeni mwanangu. Mama anapochoka kungoja si kwamba hampendi."

Nilitoka nje kwenye mvua nikalia kwa sauti, nikiegemea mgomba.

Jumatatu, 26 Novemba

Nimekubali. Sikushawishika, nimechoka tu. Nimechoka kuwa mtu pekee anayesema yu hai, siku zote, kwa kila mtu, hata kwangu mwenyewe. Ni kazi nzito kuliko darasa la watoto themanini.

Lwakatare alikata mgomba mnene. Tuliufunga kwa nguo ya magome aliyoitunza Mama mkwe kwa ajili ya maziko yake mwenyewe. Wanaume waliushusha polepole kama vile ungeumia. Mama akasimama ukingoni akatamka: "Aroni, mwanangu, lala." Wanawake wakaangua kilio. Tulinyolewa nywele. Jovita aliniosha kichwa kwa maji ya moto, nami nikasema asante.

Nitaandika na hili. Udongo ulipojaa nilipumua. Nilihisi mzigo umetua. Mungu anisamehe, nililala usingizi mzito.

Jumamosi, 1 Desemba

Matanga yamekwisha. Watu wanaingia kuomba chumvi, na kweli wanataka chumvi.

Jumatano, 5 Desemba

Shule imefungwa. Mvua.

Jumamosi, 8 Desemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa tisa mchana nilikuwa nachambua maharage kizingitini. Niliona kwanza milango. Mlango wa Jovita ulifunguka, kisha wa fundi viatu, kisha wa dukani, na katika kila mlango mtu amesimama, kimya, anatazama barabarani. Nyuso zao hazikuwa na majivu. Nikajiambia, wa sinema wamerudi. Nikatafuta gari kwa macho, hakuna gari.

Alikuwa anakuja katikati ya barabara, peke yake, amelowa, amevaa koti la mtu mnene. Anapita akisalimia kulia na kushoto. Hakuna aliyeitikia. Alipofika mlangoni kwa kaka yake, Lwakatare aliingia ndani na nikasikia komeo.

Alisimama mwanzo wa ua. "Klaudia."

Aroni wangu. Amekonda, meno ya mbele hayapo. Na mimi, mkewe, jambo la kwanza nililofanya ni kutazama miguu yake kama ina tope, kwani mfu hakanyagi chini. Ilikuwa na tope hadi magotini. Naona uchungu kuliandika, lakini nilitazama.

"Usimwitikie!" Mama mkwe alipiga kelele ndani. Nilipogeuka alikuwa amekaa ameelekeza uso ukutani.

Nikasema, "Karibu, baba." Sauti haikutoka vizuri. Hakuingia. Alikuwa ameona udongo mpya nyuma ya nyumba.

"Mmemzika nani pale?"

"Wewe."

Alianza kucheka, kisha akaona kichwa changu kilichonyolewa, akakaa chini pale pale kwenye matope.

Askari wa Uganda walimkamata kwa kuwa Mtanzania, wakasema jasusi. Alikaa gerezani, akatoroka, akajificha kwa watu karibu na Masaka akiwalimia kahawa, kisha akatembea. Alieleza haya akiwa jikoni, kibanda cha nje, kwani Mama hataki apite mlango wa nyumba. Nimemtandikia nyasi huko. Nikakaa naye. Mikono yake ina joto. Nimeishika sana.

Jumapili, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Aroni alitaka kwenda uwanjani. Alipokaa kwenye benchi, waliokuwapo walihama wote hadi benchi likainuka upande mmoja naye akakaribia kuanguka. Mwenyekiti akapaza sauti, "Uhuru!" na Aroni akaitikia "Na kazi!" peke yake.

Baadaye Ndugu Ildefons alinivuta kando. Si mtu mbaya. "Mwalimu, mimi siamini ushirikina. Lakini nimekwisha kuwatangazia watu mkutanoni kuwa ndugu huyu ni marehemu, tukasimama kimya dakika nzima. Sasa nitasemaje?"

"Sema tulikosea."

"Mkutano haukosei," akasema kwa huzuni.

Jumanne, 11 Desemba

Lwakatare hajafungua mlango. Dukani hawapokei fedha ya Aroni, wanamwekea chumvi chini na kurudi nyuma. Jovita huniletea kuni lakini huzitupa kutoka njiani.

Aroni ameniambia, "Kule walinitafuta waniue. Hapa mmekwisha kuniua, halafu mnanipa ndizi." Hakusema kwa hasira. Anataka kurudi alikotoka. Kule, anasema, kuna mzee mmoja humwamkia kila asubuhi.

Jumatano, 12 Desemba

Asubuhi alifunga koti lake. Nilichukua jembe.

Nilifukua mchana kweupe ili kila mtu aone. Hakuna aliyenisaidia, hakuna aliyenizuia. Walisimama kwenye migomba pande zote, wanatazama. Aroni naye alisimama, maana mtu hawezi kuchimba kaburi lake. Nilifikia nguo ya magome, nikaikata. Shina la siku kumi na sita lilikuwa bichi, linatoa utomvu kana kwamba limekatwa alfajiri. Niliogopa sana. Lakini nilikuwa nimechoka kuliko nilivyoogopa. Nikalivuta nje, nikalikatakata kwa panga, nikatandaza vipande chini ya mibuni kama tufanyavyo kwa mgomba wowote.

"Mtu wangu huyu hapa," nikawaambia. "Lile lilikuwa boji."

Nikajua nimetumia neno la watoto wa shule la kitu bandia, sikujali. Walikuwa wanatazama shimo, wazi tena, kavu.

Mama mkwe alikuwa ametoka. Alimtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu afike, kutoka kichwani hadi miguuni.

"Umekonda," akasema. Akamshika mkono akamwingiza ndani ya nyumba kwa mlango wa mbele.

Alhamisi, 13 Desemba

Mama hali. Haumwi, hata kikohozi kimekoma. Amempikia Aroni mwenyewe, amemtolea fungu la senene juu ya jiko, amekaa akimtazama anavyotafuna kwa meno yaliyobaki. Nikimpa chakula anakirudisha.

Ijumaa, 14 Desemba

Aroni alipiga magoti. "Mae, kula. Kwa ajili yangu."

"Ni kwa ajili yako," akamjibu. "Nilikuita kwa jina nikakuambia lala, nami ndiye mama yako. Neno hilo halifutwi kwa panga. Kaburi halirudi tupu, mwanangu, na mimi ndiye mwenye kulijaza."

Nikamwambia ni mambo ya sinema, ya Mushumbusi na ndevu zake, wala halikuwa kaburi la mtu. Alinipapasa kichwa changu kisicho na nywele.

"Wewe umechoka kwa kazi, muka Aroni. Utalala, utaamka. Mimi nimechoka kwa kuishi. Usininyang'anye jambo lenye faida."

Nimemchemshia uji. Nimemwita mhudumu wa zahanati, amempima, anasema moyo ni mzuri.

Jumapili, 16 Desemba

Anatuambia mahali alipoweka mbegu za njugu mawe. Anataka mwaka huu zipandwe mapema. Aroni habanduki kando ya kitanda cha Mama.

Jumatatu, 17 Desemba

Mama amefariki mchana, mvua ikiwa imekatika.

Jumanne, 18 Desemba

Tumemzika Mama Kokuhirwa. Asubuhi kaburi lilikuwa limejaa maji ya usiku hadi nusu, kama shimo lolote la hapa kwetu Muleba mwezi wa Desemba. Aroni aliingia akayachota kwa ndoo peke yake. Nilisimama juu nikipokea ndoo, nikasikia mtu nyuma yangu. Lwakatare alikuwa amevua viatu. Akashuka shimoni na ndoo ya pili.

Mji wote ulikuja. Msiba wa bibi kizee hakuna anayeukosa, hata mwenye hofu. Waliweka ndizi na kuni uani, wakasimama mbali, hawajui la kufanya, kwani mkono wa pole hupewa kwanza mtoto wa marehemu mwenye nyumba ya msiba, naye alikuwa amekaa pale kwenye nyasi, tope hadi kifuani.

Lwakatare ndiye aliyeanza. Alikwenda akasimama mbele yake. "Afiwaye ni aliye hai," akasema kwa sauti ili wote wasikie. Kisha akampa mkono. "Pole, Aroni. Pole, mdogo wangu. Tumefiwa na mama."

Akafuata Jovita, amefunika uso kwa kanga. Pole, Aroni. Akafuata fundi viatu, mwenye duka, Ndugu Ildefons akiwa amevua kofia yake ya chama. Pole, Aroni. Pole sana. Walipanga mstari hadi barabarani, na kila mmoja alimshika mkono, wengine waliurudia kuushika. Yeye aliitikia kila mmoja, "Asante, nimepoa," machozi yanamtiririka.

Nilikaa na wanawake kwenye majani nikasikia mji mzima unalitaja jina la mume wangu, mtu mmoja mmoja. Ndilo jambo nililoliomba mwaka mzima. Nikamlilia mama yake hadi sauti ikakauka.